Uzoefu wangu: safari ya meli kwenda kuwaona sili wa Antaktika

Kama unafikiria kulipia safari ya meli kwenda Rasi ya Antaktika ili uwaone sili, mamalia wa baharini, wakila, chunguza kwanza waongozaji ni akina nani, meli baadaye. Yetu iliondoka Ushuaia, Argentina, ikavuka Mlango wa Drake. Vyumba vilikuwa vya kawaida, chakula kizuri. Lakini mwongozaji wa boti yetu ya mpira alikuwa amewasomea sili, na kwa ajili yake tu ningeilipia tena safari hii.

Nyota moja naipunguza kwa sababu ya tangazo. Lilikuwa na picha ya sili chui akimrarua pengwini, kana kwamba hayo utayaona kila asubuhi. Ukweli ni kwamba sili hula chini ya maji, na wengi wao usiku. Sili mla-kaa, ambao ndio wengi kuliko wote kule, hushinda wamelala juu ya mapande ya barafu. Krili, viumbe wadogo wa baharini wanaofanana na uduvi, wakipanda usiku karibu na uso wa maji, ndipo nao wanapozama kuwafuata. Baadhi ya abiria walianza kunung'unika kwamba wanyama wamelala tu. Mwongozaji akazima injini, akatuonyesha madoa ya waridi kwenye barafu, ubavuni mwa sili mmoja. Kilikuwa kinyesi, na rangi ile ni ya krili, ambao ni zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake. Licha ya jina, sili huyu hali kaa. Tangu hapo kila pande la barafu tulilipita tukilichunguza, na manung'uniko yakaisha.

Baadaye alitupa nakala ya fuvu la sili mla-kaa tuishike. Magego ya sili huyu yamegawanyika kuwa vijino vingi, na ya juu yakikutana na ya chini huwa chujio kamili: anavuta maji pamoja na krili, anafumba mdomo, anayasukuma maji nje, krili wanabaki. Nimesoma habari hizi mara nyingi, lakini sikuzielewa mpaka nilipoyafumba mataya yale kwa mikono yangu.

Sili chui tulimkuta akizungukazunguka mbele ya makazi ya pengwini, msimu ambao makinda huanza kuingia baharini. Alimkamata mmoja mbali kidogo na boti. Hana meno ya kutafuna, kwa hiyo humpigapiga ndege juu ya maji kwa nguvu mpaka nyama ikatike vipande vya kumeza. Inatisha kutazama, nami naona mwongozaji alifanya vyema kutosogea zaidi. Jambo nililolipenda zaidi ni maelezo yake baadaye, kwamba mnyama huyohuyo mwenye chonge kubwa ana magego ya kuchujia, na krili ni sehemu kubwa ya chakula chake. Watafiti waliwachunguza sili chui katika bustani ya wanyama ya Taronga, Sydney, wakawaona wakifyonza samaki wadogo na kuyachuja maji. Miongoni mwa sili wala-kaa tuliowaona, wengi walikuwa na makovu marefu yaliyokwenda sambamba ubavuni. Ni alama za meno ya sili chui, aliyewakosa walipokuwa wachanga.

Mihadhara ya jioni melini ilikuwa mifupi mno kwa kiu yangu. Uliokuwa bora ulihusu sili wa Weddell, ambaye huweza kuzama zaidi ya mita 600 na kukaa chini ya maji zaidi ya saa nzima. Watafiti waliwafunga kamera sili hao kule McMurdo, Antaktika, wakamwona mmoja akipuliza mapovu ndani ya nyufa za barafu ili samaki waliojificha wakurupuke.

Kabla ya kulipa, uliza meli inabeba abiria wangapi. Taratibu za kule haziruhusu zaidi ya watu 100 kushuka nchi kavu kwa pamoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Kwenye meli ndogo zamu huwa chache, na muda wa kukaa kimya karibu na sili ni mrefu zaidi. Uliza pia kama kuna mtaalamu wa wanyama wa baharini atakayepanda boti pamoja nanyi. Wakijibu kwamba yupo lakini hutoa mihadhara tu, tafuta safari nyingine.