Calibre katika kompyuta mbili zenye matoleo tofauti

Calibre, programu ya bure ya kutunza vitabu vya kielektroniki iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, haina mshindani machoni pangu kwa mtu mwenye kompyuta moja. Tathmini hii inamlenga mwenye kompyuta mbili nyumbani, ambaye kitabu alichokipanga vizuri katika moja hakionekani katika nyingine, au kinaonekana mara mbili.

Hali hiyo ilinikuta. Kompyuta yangu ya zamani, yenye Windows ya biti 32 (aina ya zamani; kompyuta za sasa ni za biti 64), ilikuwa na toleo la 4, na ile mpya ilikuwa na toleo la 6. Nilidhani dawa ni kusasisha, lakini toleo la 6, lililotoka mwaka 2022, liliacha kuhudumia mifumo ya biti 32, hivyo kompyuta ya zamani haiwezi kuvuka 5.44. Hata kufika hapo kuna hasara yake, kwa kuwa toleo la 5 la mwaka 2020 lilihamia Python 3, toleo jipya la lugha ambayo programu hii imeandikwa kwayo, na programu-jalizi (viongezo vya programu) za zamani ambazo watengenezaji wake hawakuzirekebisha hazifanyi kazi tena.

Matoleo, hata hivyo, hayakuwa chanzo cha vurugu yote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimenakili folda kwa mkono. Calibre huweka kila kitabu ndani ya folda ya mwandishi wake, na mwishoni mwa jina la folda ya kitabu huandika namba katika mabano. Namba hiyo hutolewa na maktaba husika kitabu kinapoingizwa, wala haikifuati kitabu kiendako. Kitabu kilekile kilikuwa (142) huku na (87) kule. Nilipobandika folda za kompyuta moja juu ya za nyingine, nikajikuta na folda mbili za kitabu kimoja, ilhali faili la metadata.db, ambalo ndilo daftari la maktaba nzima, halikuwa na habari yoyote ya wageni hao.

Katika kurekebisha ndipo nilipoithamini programu hii. Amri ya kukagua maktaba ilizitaja folda zote zisizotambuliwa, nikaziondoa. Kisha nikahamisha folda nzima ya maktaba ya zamani kwa diski ya nje, nikaifungua katika kompyuta mpya kama maktaba ya pili, nikachagua vitabu vyote na kutumia amri ya kunakili kwenda maktaba nyingine. Amri hii hubeba kitabu pamoja na jalada, lebo na mfululizo wake, na inaweza kukuuliza kuhusu vitabu vinavyofanana kwa jina na mwandishi kabla ya kuviingiza. Zingatia safu ulizojitengenezea, yaani sehemu za ziada za maelezo ya vitabu: kama hazipo katika maktaba inayopokea, yaliyomo hayanakiliwi. Programu hutoa onyo, nami nililisoma, nikaghairi, nikaziunda safu hizo kwanza ndipo nikaendelea. Bila onyo hilo ningepoteza maelezo niliyoyaandika kwa muda mrefu.

Baada ya hapo sikutaka tena maktaba mbili. Wapo wanaoiweka maktaba moja katika diski ya mtandao ili kompyuta zote ziifungue, lakini mwongozo wa Calibre wenyewe unakataza jambo hilo, na ni haki yake, kwa sababu programu mbili zikiandika katika daftari moja kwa wakati mmoja zinaweza kuliharibu. Njia bora ni seva iliyomo ndani ya Calibre, yaani sehemu inayozigawia kompyuta nyingine vitabu kupitia mtandao wa nyumbani. Unaiwasha katika kompyuta mpya, nayo ya zamani inafungua anwani yake kwa kivinjari, kwa kawaida kupitia mlango (port) namba 8080 unaoandikwa mwishoni mwa anwani, na vitabu vyote vinapatikana hapo kwa kusomwa au kupakuliwa, hata kama intaneti imekatika. Tofauti ya matoleo haina nguvu tena, kwa kuwa kompyuta ya zamani haihitaji hata kuwa na Calibre.

Kasoro zipo. Kompyuta yenye seva lazima iwe imewashwa, na kwangu ukurasa haukufunguka mpaka niliporuhusu Calibre katika ngome ya Windows (firewall), inayozuia miunganisho kutoka nje. Linalonisumbua zaidi ni kwamba seva huanza bila nywila, hivyo kila aliyeunganishwa na Waifai ya nyumbani anaweza kusoma kila kitabu. Mpangilio wa kudai jina na nywila umewekwa ndani ya mipangilio, na haufanyi kazi mpaka seva iwashwe upya.