Kupima mlango wa kizazi Mtwara mjini: huduma nyota nne, pazia nyota moja

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo naanza na pazia. Chumba cha kupimia saratani ya mlango wa kizazi kwenye kituo nilichokwenda (cha serikali, jina naliacha) kina kitanda, meza ya vifaa na pazia la kitambaa chepesi lisilofika ukutani. Mlango ukifunguliwa, aliye kwenye korido anaona miguu ya aliyelala. Mita moja ya nyongeza na pindo, kazi imekwisha. Niliwaambia nitawashonea, wakacheka. Sikuwa natania.

Lingine ni mapokezi. Mhudumu alitoka akapaza sauti: "Akina mama wa saratani, benchi lile la mwisho!" Korido nzima ikageuka. Wifi yangu, ambaye nilimtoa Nanyamba kwa kumbembeleza, alijifunika mtandio mpaka puani akataka kuondoka. Hakuna mwenye saratani pale, tumekuja kuangaliwa tu! Ukimpa mtu jina la ugonjwa kabla hajapimwa, kesho harudi.

Ndani mambo yakawa mengine kabisa. Nesi ni binti mdogo, akatuamkia, akavuta stuli akakaa karibu nasi kabla hajagusa kifaa chochote. Akasema saratani hii karibu yote inaanzia kwenye virusi vya papiloma, HPV kwa kifupi, vinavyoambukizwa kwa kugusana ngozi wakati wa kujamiiana. Kondomu inapunguza, haizuii kabisa. Viko vya aina nyingi, ila namba 16 na 18 peke yake ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi.

Wifi akadakia: "Kwa hiyo mume wangu ndiye kaniletea?"

"Mama, hapa hatutafuti wa kumlaumu," nesi akamjibu. "Karibu kila aliyewahi kukutana na mwenzake kimwili hukutana navyo. Vinaweza kukaa kimya miaka, hutajua vimetoka kwa nani wala lini."

Jibu hilo peke yake nalipa nyota mbili. Kaka yangu ana bahati, maana kesi ilikuwa inamsubiri nyumbani. Nesi akaendelea: wengi wetu mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vinavyong'ang'ania ndivyo vinavyoharibu seli za pale taratibu, na mpaka ifike saratani yenyewe ni miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, 5 hadi 10. "Miaka yote hiyo," akasema, "tunakusubiri wewe tu uje."

Kipimo chenyewe ni kifupi. "Legeza miguu mama, usikaze, vuta pumzi." Kifaa ni cha baridi na kinakera, hakiumi. Akapaka siki kwa pamba, chumba kikanuka kachumbari, tukasubiri kama dakika moja: palipobadilika panageuka peupe. Hapo umeme ukakatika, katika Mtwara hii hii inayotoa gesi. Nesi hakushtuka, akavaa taa ya kichwani akaendelea. Majibu unapewa hapohapo. Yangu safi.

Wifi alikuwa na alama nyeupe. Hapa ndipo huduma hii inapowashinda wengi, kwa sababu hawakumwambia arudi wiki ijayo, jambo ambalo kwa mtu wa Nanyamba maana yake ni harudi. Alifanyiwa tiba mgando siku ileile: chuma chenye baridi kali kinaegeshwa dakika tatu, unapumzishwa tano, kinarudishwa tatu. Tumbo lilimkata kama la hedhi, akanyanyuka mwenyewe. Akaambiwa atatokwa na majimaji mengi, na wiki nne hakuna tendo la ndoa. Mtihani ukawa huo. Nesi akampigia kaka yangu simu, spika wazi, akamweleza kila kitu. Kaka akauliza swali moja tu: "Wiki nne kuanzia leo au kuanzia jana?"

Niliuliza na mimi habari ya chanjo, maana binti yangu alichanjwa shuleni mwaka 2024, walipoanza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kabla ya hapo, tangu 2018, walikuwa wanachanja wa miaka 14, dozi mbili. Mtaani wakasema nimemfunga kizazi mtoto. "Chanjo haigusi kizazi, mama," nesi akasema. "Saratani ndiyo inayokitoa." Ila chanjo haiponyi kilichokwisha kuingia, hivyo sisi wa miaka 30 hadi 50 dawa yetu ni kwenda kuangaliwa. Kungwi wangu alinifundisha mengi unyagoni, hili hakuwa nalo.

Nyota niliyoizuia ni ya bibi mmoja aliyetoka Msimbati tangu alfajiri. Alirudishwa. Sababu ni ya kweli: hedhi ikishakoma, sehemu inayotakiwa kuonekana hurudi ndani, siki haisaidii, akaelekezwa hospitali kwa kipimo kingine. Lakini si wabandike karatasi mlangoni, au wawaambie wahudumu wa afya wa vijijini? Nauli ya bibi yule nani atamrudishia?

Kwa anayetaka kwenda: sikutoa hata shilingi. Wahi asubuhi, usiende ukiwa kwenye siku zako, na beba khanga yako mwenyewe, ya kwao ni fupi. Mimi nimeambiwa nirudi baada ya miaka mitatu, wifi baada ya mwaka mmoja. Mwenye VVU hurudi kila mwaka hata kama majibu ni safi.