Karabai ya zamani na seti ya vipuri: uzoefu wangu baada ya kuifufua

Karabai niliyonunua ni ya muundo wa Petromax, ule wenye mwanga wa mishumaa 500: tangi la shaba lililopakwa nikeli, geji ndogo kwenye kifuniko cha mafuta, pampu ubavuni na kigurudumu cha kuongozea sindano. Ilikuja nyeusi tii, haishiki presha hata kidogo. Pamoja nayo niliagiza seti ya vipuri: ngozi ya pampu, mipira, washa za risasi, nozeli, sindano na soksi, yaani vile vifuko vya nyuzi vinavyotoa mwanga. Maoni yangu ni ya vyote viwili, taa na seti.

Kwa anayetaka kununua: tazama tangi, achana na mng'ao. Nikeli iliyobabuka haipunguzi mwanga hata chembe. Lakini tangi lenye ufa, au lililozibwa lehemu na fundi wa kubahatisha, liache hapohapo ulipolikuta. Ndani yake utatia mafuta ya taa, uyashindilie hewa, halafu uwashe moto juu yake. Langu lilikuwa zima.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye pampu. Ngozi ya zamani ilikuwa imesinyaa na kukakamaa kama gome la mti, kwa hiyo ukisukuma mpini hewa ilikuwa inapita pembeni tu. Ya kwenye seti ni nene na laini. Niliiloweka kwenye mafuta mepesi usiku kucha, nikaitanua mdomo kwa vidole kabla ya kuipachika, na tangu hapo kila msukumo una uzito mkononi. Ikabaki vali iliyo chini kabisa ya pampu. Dalili ya vali mbovu ni rahisi kuijua: piga pampu, uachie mpini, uutazame. Ukipanda wenyewe taratibu, hewa inarudi kutoka kwenye tangi. Tatizo lote liko kwenye kipande cha mpira cha milimita chache kinachosukumwa na springi. Seti inacho, tena kizuri. Ila spana ndefu ya kuifikia vali hiyo huko chini haimo, na hilo naliona ni ubahili, kwa sababu bila spana hiyo kipuri chenyewe hakina kazi.

Baada ya hapo nililijaribu tangi likiwa halina mafuta: presha ndani, maji ya sabuni kwenye kila ungio, macho yakitafuta mapovu. Washa mpya za risasi zilishika vizuri.

Nozeli ya seti ndiyo iliyoniudhi. Karabai haichomi mafuta yakiwa maji. Presha huyapandisha kwenye mrija wa moto, yanageuka mvuke, mvuke unachomoka kwa kasi kwenye kitundu cha nozeli, unavuta hewa njiani na kwenda kuwaka ndani ya soksi. Kitundu kikikaa upande, kila kitu kinakwenda upande. Niliielekeza nozeli ile kwenye mwanga nikaona kabisa kuwa tundu halipo katikati, na taa ilipowaka soksi iling'aa nusu moja, nusu nyingine ikawa ya manjano yenye masizi. Nilirudisha nozeli ya zamani baada ya kuiloweka kwenye siki na kuisugua, na mwanga ukawa mweupe pande zote. Siki nayo ina kiasi chake: vyombo vya shaba ya njano vikikaa sana kwenye asidi, zinki hutoka na rangi inageuka ya waridi. Toa, suuza, kagua, rudisha ikibidi.

Kuiwasha kunataka subira. Natia spiriti kwenye kikombe chake, naiacha iwake hadi karibu iishe, ndipo nafungulia mafuta na kuendelea kupiga pampu. Ukiharakisha kabla mrija haujapata moto, mafuta yatapanda yakiwa maji na utapata mwali mrefu wa manjano unaofika juu ya kofia. Ikishika, inavuma kwa sauti moja. Ikianza kufifia katikati ya kazi, mara nyingi kukizungusha kigurudumu mara moja tu kunatosha: kinapandisha sindano, inazibua nozeli, unakirudisha. Kwangu huo ndio ubunifu mzuri kuliko yote katika taa hii. Petroli usiiguse kabisa, na chumbani acha dirisha wazi, maana inatoa gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi na joto lake si la mchezo.

Ngozi, mipira na risasi za seti ningenunua tena leo. Nozeli, hapana. Kuhusu soksi, zimefungwa vizuri na hazikupasuka zilipounguzwa mara ya kwanza, ingawa baada ya hapo zinabaki majivu matupu, na ukizigusa kwa kidole kwaheri. Pakiti yake haisemi zimetengenezwa kwa kutumia kitu gani, nami nimemuuliza muuzaji. Soksi za kale zilitumia metali ya thoriamu na nyingine ya seriamu kidogo, mchanganyiko wa mkemia Carl Auer von Welsbach wa Austria, 1891, na thoriamu ina mionzi hafifu. Siku hizi wengi hutumia metali ya itriamu badala yake. Mpaka muuzaji anijibu, naikung'uta iliyochakaa nje, naweka kitambaa puani, na nanawa mikono.