Uzoefu wangu na Shujaa Okonkwo: ukali wenye hofu ndani

Nimemaliza kuisoma upya riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, Things Fall Apart, ambayo Clement Ndulute aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo. Naipa nyota tano. Nitataja mwisho wake, kwa hiyo asiyeusoma aishie hapa.

Shuleni tulikaririshwa kwamba Okonkwo ni mkali, mwenye kiburi. Ukimfuatilia mwenyewe unaona ukali ule una chanzo: utotoni mwenzake wa michezo alimwambia kuwa baba yake, Unoka, ni agbala, yaani mwanamke, au mwanamume asiye na cheo. Unoka alikuwa mpole, mpiga filimbi, na madeni yake aliyachora kwa chaki ukutani, akidaiwa, anacheka. Okonkwo akakua anachukia kila alichokipenda baba yake, upole ukiwamo. Lakini mwaka ule viazi vikuu vilipoharibiwa na jua, kisha na mvua, aliyemwambia asikate tamaa ni Unoka huyo huyo, naye akiwa mgonjwa. Mwanawe hata hakuwa na subira ya kumsikiliza.

Sura ya saba ndiyo inayonishika zaidi. Ikemefuna, kijana aliyetolewa na watu wa Mbaino kama fidia, ameishi kwa Okonkwo miaka mitatu na anamwita baba. Imeamuliwa kijana auawe; mzee Ezeudu amemwonya Okonkwo asitie mkono katika mauaji hayo, lakini anakwenda. Njiani kijana, mtungi wa tembo kichwani, anamkumbuka mama yake na kuimba kimoyomoyo wimbo wa utotoni: ukiishia mguu wa kulia, mama yu hai; ukiishia wa kushoto, amekufa. Hapana, hajafa, anaumwa tu. Unaishia kulia. Anaurudia, unaishia kushoto, naye anajiambia ya pili haihesabiwi. Nikifika hapo huwa nafunga kitabu kidogo.

Panga linapoinuliwa, Okonkwo anageuza uso. Kijana anapomkimbilia akimwita baba, anamkata kwa mkono wake, akiogopa kuonekana dhaifu. Yaani anayegeuza uso na anayekata ni mtu yule yule, na Achebe hakupi neno la kukuamulia. Baada ya hapo shujaa hali chakula siku mbili. Anamwita mwanawe Nwoye akae naye, lakini kijana anamwogopa na kuchomoka. Siku ya tatu binti yake Ezinma anamletea chakula, naye anasikitika kwamba hakuzaliwa mwanamume.

Baadaye kuhani Chielo anambeba Ezinma usiku hadi pangoni. Tunamwona Okonkwo akitokea na panga, ametulia. Ni sura inayofuata ndipo tunaambiwa alikuwa ameshakwenda na kurudi gizani, na safari ya nne ndipo akamkuta mkewe Ekwefi pale. Wasiwasi ule aliuficha hata kwetu wasomaji!

Unoka alipelekwa kufia kwenye Msitu Mwovu, bila kaburi. Okonkwo anajinyonga, na mila inawakataza watu wa ukoo wake kumgusa. Wageni ndio wamzike. Katika hilo wanafanana, baba na mwana.

Kasoro? Miaka ya uhamishoni Mbanta, kijiji cha kwao mama yake Okonkwo, inapooza kidogo, na Ekwefi alistahili kurasa zaidi. Ukipata toleo la wanafunzi, ruka uchambuzi wa wahusika mpaka umalize hadithi, usije ukapewa sifa za Okonkwo kwa orodha kabla hujamwona usiku ule wa pangoni.