Mkasi wa Mashoto kutoka Duka la Vifaa vya Ushonaji, Lamu
Nimekulia Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, nikiwa mashoto, na ingawa nilikubali mapema kwamba kula na kupokea kitu ni kwa mkono wa kulia, mkasi ulinitesa miaka mingi, kwa kuwa bapa la juu la mkasi wa kawaida humziba mashoto asiuone mstari wa chaki, na vidole vyake huyasukuma mabapa yakaachana, kitambaa kikakunjika badala ya kukatika. Mkasi nilioagiziwa na duka hili umepangwa kinyume: bapa la kushoto ndilo la juu. Nimekata kanzu ya mwanangu bila kupinda kiwiko. Bei ni kubwa, na skrubu ililegea mapema. Muuzaji, ambaye hakuniuliza kwa nini sijizoezi kutumia mkono wa kulia, aliikaza bila malipo.