SSD Ipi kwa Prosesa Ipi: Mpangilio wa Kununua

Mnunuzi wa SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) huanza kwa kuuliza ukubwa na bei, ilhali swali la kwanza lingepaswa kuwa kizazi cha prosesa na aina ya tundu la diski lililomo ndani ya mashine. Kwa Intel Core kizazi husomeka kwenye jina: i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10, na i5-1135G7 ni cha 11. Majina ya AMD hayaaminiki kwa wepesi huo, kwa maana Ryzen 5 5500U, pamoja na tarakimu yake kubwa, bado inatumia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia ya kupitishia data (namba ikipanda, kasi hupanda).

Ninayoiweka mbele ni NVMe, yaani SSD nyembamba kama kijiti inayopitia PCIe, ya bei ya kati yenye gigabaiti 500. Laptopu nyingi za Intel za kizazi cha 8 hadi cha 10 zinatumia PCIe 3.0, ambapo diski nzuri husoma takriban megabaiti 3,500 kwa sekunde. Diski ya PCIe 4.0 hufanya kazi humo bila shida, ila hushuka hadi kasi ya tundu, kwa hiyo usiilipie zaidi isipokuwa laptopu yako ni ya Intel kizazi cha 11 na kuendelea, au mojawapo ya Ryzen nyingi za 6000 na kuendelea zinazotumia PCIe 4.0. Hata ndani ya kizazi kimoja kuna tofauti: ThinkPad T480, inayouzwa sana kama mtumba, huipa diski yake kuu njia mbili za PCIe badala ya nne, na kasi hubaki kama nusu.

Ya pili ni SATA ya inchi 2.5, diski bapa inayotumia njia ya zamani zaidi, inayoishia karibu megabaiti 550 kwa sekunde. Kwa Intel ya kizazi cha 4 kurudi nyuma naiweka ya kwanza kabisa, kwa sababu BIOS (programu ya ubao mama inayowasha mashine) nyingi za wakati huo hazijui kuwasha Windows kutoka kwenye NVMe, hata ukiichomeka kwa adapta. Aliyezoea diski ya kuzunguka ataona mabadiliko makubwa hata hivyo.

M.2 ya SATA, yaani kijiti chenye njia ya SATA, naishusha hadi nafasi ya tatu, maana ndiyo inayowaponza wengi. Umbo lake ni lilelile la NVMe, na mimi mwenyewe niliwahi kuifunga kwa skrubu, nikafunika laptopu, kisha BIOS ikaniambia hakuna diski. Tundu lilikuwa la NVMe pekee. Tazama meno ya dhahabu: yenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA, yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe, lakini neno la mwisho ni maandishi ya lebo.

Ya mwisho ni PCIe 5.0. Inahitaji prosesa inayoikubali, kama Ryzen nyingi za mezani za 7000 au mpya zaidi, na ubao mama unaoikubali. Kwa Intel ya mezani ya kizazi cha 12 hadi cha 14, ubao hulazimika kuchukua njia zilizotengwa kwa kadi ya michoro. Joto lake ni kubwa na bei pia.

Ukiwa na Intel ya kizazi cha 11 au zaidi, usimrudishie muuzaji diski haraka ikiwa kisakinishi cha Windows kinaonyesha orodha tupu. Mara nyingi ni VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia diski unaozificha kisakinishi kikikosa draiva: izime kwenye BIOS kabla ya kusakinisha, au weka draiva ya Intel RST (ya diski) kwenye flashi na uipakie papo hapo.