Uzoefu wangu: RTX 3060 moja, pawa saplai mbili

Ninahariri video za harusi na sendofu hapa Sinza, na kwa miaka mitatu nimefanya kazi hiyo kwa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core i5-10400, isiyo na kadi ya michoro ya kujitegemea, yaani kifaa cha pekee cha kuchakata picha. Programu yangu, DaVinci Resolve, huitegemea sana kadi hiyo, na kila nilipogusa rangi za picha za 4K video ilikatakata hata nisione nilichobadilisha. Mwezi Machi nilikwenda Kariakoo nikanunua kadi ya GeForce RTX 3060 iliyotumika, yenye kumbukumbu ya GB 12, kwa shilingi 700,000.

Kadi yenyewe sina neno nayo. Harusi niliyokuwa nikiiacha irende usiku kucha, yaani kompyuta itengeneze video kamili, sasa nikiianzisha asubuhi inakamilika kabla ya adhuhuri, na kilichonisumbua ni kutoa kizimba cha diski ili ienee ndani ya keisi.

Pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ndiyo iliyonitia hasara. Muuzaji alinipa moja ya shilingi 45,000, akaniambia, "Kaka, hii ni wati 600, inabeba chochote." Haikuwa na waya wa pini nane ambao kadi inauhitaji, hivyo akaniongezea adapta inayovuta umeme kutoka kwenye plagi mbili za Molex, zile za diski za zamani. Siku ya tatu, nikiwa katikati ya kurenda, kompyuta ilizima ghafla. Nikaiwasha, ikazima tena, na chumba kikajaa harufu ya plastiki inayoungua. Nilipofungua keisi nilikuta plagi moja nyeupe imegeuka kahawia ukingoni, na waya wake wa njano umelainika kiasi cha kubonyea kwa ukucha.

Hapo ndipo niliposoma lebo ya ubavuni, jambo ambalo ningelifanya dukani lingeniokolea fedha. Laini ya volti 12, ambayo ndiyo hasa inayolisha kadi na prosesa, iliandikwa ampea 18. Zidisha 12 kwa 18 upate wati 216, ilhali RTX 3060 peke yake imepangiwa wati 170 na prosesa yangu 65, jumla 235 kabla hujahesabu madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), feni na diski. Zile 600 zilikuwa maandishi ya boksi tu. NVIDIA, kampuni iliyobuni kadi hii, inapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hii, lakini pendekezo hilo linazungumzia wati zilizopo kweli.

Nilijikusanya nikanunua pawa saplai nyingine, Corsair CX650, kwa shilingi 240,000. Lebo yake inaonyesha ampea 54 kwenye volti 12, yaani wati 648, na waya wa pini nane unatoka moja kwa moja kwenye pawa saplai bila adapta yoyote. Tangu nilipoifunga, kompyuta haijazima ikiwa kazini, isipokuwa umeme wa mtaa unapokatika, na hata joto la mchana, madirisha yakiwa wazi, halijaishinda.

Muuzaji wa kwanza alikataa kuipokea ile mbovu kwa sababu risiti ilisema bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Nimezikata nyaya zake zote kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota na kuifunga kwenye kompyuta yake.